Miguu ya Herufi

Mradi wa maji ulikuwa umepima visima vya Mtondooni kwa mwaka mzima, na mwisho wa mwaka afisa wake akaja na karatasi ya mistari inayopanda na kushuka, akaibandika ukutani katika darasa la nne. Wanakamati waliitazama kwa heshima. Wakainamisha vichwa kushoto, kisha kulia. Mwishowe Abdulrahim, mwenyekiti wao, akauliza kwa adabu zote kama ile ni ramani ya barabara ya Lunga Lunga ama ni kitu gani.

Afisa huyo, Lewis, hakukasirika. Alikuwa mtu wa Samburu, kule Kinango, ambako watu na mifugo hunywa kwenye bwawa moja, na kwa jambo lolote la maji alikuwa na subira isiyokwisha. Akaeleza upya. Kila mstari ni kisima, kila nukta ni kina. Watu wakaitikia naam, naam, na ilikuwa dhahiri kwamba hakuna aliyeona kisima wala maji mle ndani. Ndipo mmoja wao akamkumbuka Twaiba.

Twaiba alikuwa amerudi nyumbani baada ya miaka miwili ya chuo Mombasa, alikosomea uchoraji wa herufi na matangazo. Aliandika vibao vya maduka ya Ukunda na Msambweni, na kazi yake ilijulikana kuliko yeye mwenyewe, maana alikuwa binti wa haya nyingi. Akimaliza kibao hukiegemeza mlangoni na kuondoka kabla mwenye duka hajatoka kukitazama. Lewis alimtaka aandike majina ya visima vyote kumi na kimoja juu ya kitambaa kirefu, kila jina na tarakimu zake pembeni, kitundikwe mkutanoni siku ya Alhamisi ya wiki iliyofuata. Akamkabidhi daftari la vipimo. Twaiba alilipokea kwa mikono miwili, akasema atajaribu.

Vipimo vyenyewe vilikuwa vya desturi ya pale. Kila kisima kilikuwa na mlinzi wake, na huyo ndiye aliyekipima. Hushusha ndoo mpaka iguse maji, hushika kamba pale inapopita ukingoni, huivuta juu, kisha huihesabu kwa pima, mikono imenyooshwa pande mbili, ncha ya vidole hadi ncha ya vidole. Ndivyo walivyopima kamba na nyavu na mbao za kuezekea tangu zamani, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza. Walihesabu pia ndoo wanazoteka asubuhi kabla kisima hakijaanza kutoa tope.

Twaiba alisoma kurasa zile akiwa amekaa kwenye baraza ya nyumba yao. Tarakimu zilipita mbele ya macho yake kama sisimizi, zote sawa kwa umbo, tano na kumi na tano zikiwa na kimo kimoja. Chuoni alifunzwa kwamba jicho huiona herufi kabla ulimi haujaitamka, na kwamba neno lililoandikwa kwa wino mnene limekwisha kusema kitu kabla halijasomwa. Akawaza, je, jina lenyewe lingeshuka kama kamba inavyoshuka?

Akatandika kitambaa cha marekani sebuleni, akapiga mstari mmoja juu kutoka ncha hadi ncha. Huo ukawa ardhi. Chini yake akayaning'iniza majina kwa mpangilio wa visima vyenyewe, kuanzia vile vya upande wa Kikoneni hadi vya upande wa bahari. Kila pima moja ikawa upana wa vidole vinne. Kisima ambacho maji yake yako karibu kilipata herufi fupi zilizochuchumaa, na kilicho kirefu kikapata herufi zenye miguu ya korongo. Chenye maji mengi akakiandika kwa brashi pana, chenye maji machache kwa wino wa unyuzi. Tarakimu hakuweka hata moja. BONDENI likakaa fupi na limeshiba. SKULI likashuka refu na jembamba. Hakuwahi kufanya kazi iliyomtia furaha kama ile, na kila mara alipoinua brashi alirudi nyuma hatua tatu kuitazama, akiwa na aibu kidogo ya kujipendezea.

Jambo moja tu lilimuuma. Mradi ulikuwa na kanuni: kisima kinachoshuka pima mbili au zaidi ndani ya mwaka huhesabiwa kinakufa, nacho hufukiwa ili mtoto asije akatumbukia. Katika daftari zima kisima cha namna hiyo kilikuwa kimoja. Mwaka uliopita kilikuwa pima tisa, mwaka huu pima kumi na mbili. Uamuzi ulikwisha andikwa, umebaki kutiwa sahihi Alhamisi. Kilikuwa kisima cha Mbeyu.

Mbeyu alikuwa mjane mdogo wa umbo, mtu wa kufika begani mwa wenzake. Marehemu mumewe ndiye aliyekichimba kisima kile, yeye pamoja na fundi Chirau, wakishuka kwa zamu msimu mzima wa kiangazi. Nyumba tisa zilichota pale. Mbeyu hakuwa na shamba la maana wala biashara. Kisima kilikuwa ndicho kilichowaleta watu uani kwake kila kukicha, wakamsalimu, wakakaa kidogo, wakamwachia muhogo au nazi au habari. Kikifukiwa, nani tena angepita pale?

Jumapili asubuhi Mbeyu alikuja mwenyewe. Alikuwa amesikia kwamba majina ya visima yanaandikwa. Twaiba akampa shikamoo, akamkaribisha kitini, lakini Mbeyu hakukaa. Alisimama mbele ya kitambaa kilichotundikwa kukauka. Hakuwa amesoma hata siku moja, jambo ambalo kijiji kizima kilijua, na Twaiba akawa anatafuta maneno ya kumweleza bila ya kumvunjia heshima. Hakuhitaji. Mbeyu alikipitia kitambaa polepole kwa macho, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayetembea njia anayoijua.

"Hapa ni bondeni," akasema. "Hapa juu ni skuli. Na hiki kilichozama peke yake ni changu."

Twaiba akamgeukia. Majina matatu yamesomwa na mtu asiyejua hata herufi moja, na yamesomwa sawasawa. Akaitikia kwa kichwa tu.

Mbeyu akakisogelea kitambaa. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, akamwomba amkatie herufi zake kidogo. Si sana. Upana wa viganja viwili tu. Nani angejua? Kitambaa kingependeza zaidi, maana sasa jina lake lilichomoza chini ya majirani zake kama mguu nje ya shuka.

Twaiba aliinama. Alikuwa na rangi nyeupe na brashi, na ingekuwa kazi ya dakika chache. Alimpenda mama huyu tangu utoto. Lakini alijua kwamba siku atakayokata jina moja kwa huruma, yale kumi mengine nayo yatakuwa hayasemi kitu. Akashindwa kukubali na akashindwa kukataa, akabaki anasokota ncha ya mtandio wake.

Mbeyu naye alikuwa bado anatazama. Uso wake ukaanza kukunjana, si kwa huzuni sasa.

"Mwanangu, hiki kilicho pembeni yangu si Msikitini?"

Twaiba akasema ndicho.

"Kutoka kwangu hadi msikitini ni mwendo wa kurusha jiwe. Vipi maji yao yawe hapa, yangu yawe kule chini? Na kama kisima changu kinakufa, mbona jina langu limenona hivi?"

Twaiba akatazama. Siku tatu alikuwa akiyapaka rangi majina yale na hakuwa ameliona. Kwenye daftari, Msikitini kilikuwa ukurasa wa pili na Kwa Mbeyu ukurasa wa sita, na hakuna jicho lililowahi kuviweka pamoja. Kitambaani vilisimama bega kwa bega, kimoja kikimshangaa mwenzake.

Wakaenda kisimani wote wawili saa ile ile. Mbeyu akashusha ndoo, akashika kamba, akaivuta, akaanza kuihesabu kwa pima huku Twaiba akitaja kwa sauti. Zikatimia kumi na mbili, bila ya kuzidi wala kupungua. Mbeyu akaiacha kamba ianguke. Basi ni kweli, akasema, mambo ni ya Mungu, na akakaa ukingoni.

Twaiba alianza kuikunja kamba ile kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake. Bila ya kukusudia aliivuta kwa pima naye, akihesabu moyoni. Zikawa kumi na moja, tena kasoro kidogo. Akadhani amekosea. Akarudia. Kumi na moja kasoro. Akarudia mara ya tatu, na mikono ikiwa imenyooka hivyo hivyo kama msalaba, akaduwaa.

"Shangazi," akasema taratibu, "mwaka jana nani alipima?"

Mbeyu akajibu ni Jaafar, mwanawe, kabla hajaenda Diani kuwa askari wa lango la hoteli. Kila mtu alimjua Jaafar. Alikuwa mtu wa kuinama akipita mlango wowote wa Mtondooni, mwenye mikono ambayo wenzake walisema ingefaa kukwea mnazi bila ya miguu. Pima tisa za Jaafar na pima kumi na mbili za mama yake zilikuwa kamba ile ile moja. Maji hayakuwa yameshuka hata shubiri. Aliyepungua alikuwa mpimaji.

Mbeyu alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso yake, akasema kumbe kosa lake ni kuzaliwa mfupi. Twaiba alicheka naye, kisha kicheko kikamkauka. Visima kumi na kimoja vilikuwa na walinzi kumi na mmoja, wenye mikono kumi na moja ya namna mbalimbali. Haukuwa uongo wa jina moja. Kitambaa chote alichokipenda, pamoja na miguu yake ya korongo, hakikuwa kweli.

Jioni ile ile alikwenda kwa Ami Chirau, yule fundi wa visima, mzee sasa lakini bado mwenye kifua kipana, na akamweleza kwa maneno machache yaliyokatikakatika. Chirau alimsikiliza hadi mwisho. Alisema yeye akichimba hakupima kwa pima ya mtu bali kwa kamba yake moja, na kamba hiyo ipo. Wakaitia alama kila mita kwa vitambaa vyekundu, wakitumia futi ya fundi cherehani, na Jumatatu na Jumanne wakazunguka visima vyote. Kamba moja, mkono mmoja, jicho moja. Twaiba aliandika.

Kwenye kisima cha mwisho Chirau akamuuliza kitu. Kwa nini kwenye kile kitambaa alichokiona sebuleni kwao skuli na bondeni vinaanza mstari mmoja? Mtu akitoka bondeni kwenda skuli hupanda mlima mpaka magoti yakamlilia. Twaiba akaona haya ya kutofikiria jambo la wazi kiasi kile. Akampigia simu Lewis kuuliza kama mradi unajua kimo cha ardhi penye kila kisima, na Lewis akamtumia tarakimu zote palepale, akisema anazo tangu mwaka jana, ziko kwenye kompyuta.

Mama yake alimpa mashuka mawili meupe, wakayaunga. Jumatano tangu alfajiri Twaiba alichora. Safari hii majina hayakuning'inia kwenye mstari ulionyooka. Kila jina lilianza pale ardhi yake inapoanza, juu kwa skuli, chini kwa bondeni, na kutoka hapo likashuka mita zake. Alichora kimoja baada ya kingine akiwa amepiga magoti, pua karibu na kitambaa, asione zaidi ya herufi iliyo mbele yake. Alipomaliza la kumi na moja, akasimama, akaurudisha mgongo nyuma kwa mikono, akakitazama kitambaa chote kwa pamoja.

Alikaa chini pale pale sakafuni, na mama yake aliyekuwa akileta chai akamkuta hivyo, akadhani anaumwa.

Alhamisi watu walikusanyika uwanja wa skuli. Ukuta wa darasa ulikuwa mfupi kwa kitambaa, kwa hiyo kilifungwa kwenye milingoti ya goli, kikiwa bado kimekunjwa. Lewis alikuwa na fomu ya uamuzi wa kufukia kisima kwenye faili. Abdulrahim akafungua kwa dua, akamwita binti aeleze.

Twaiba hakusema mengi. Alimwomba mwenyekiti asimame anyooshe mikono, naye Abdulrahim, mtu mrefu na mpana, akanyoosha. Akamwomba Mbeyu asimame mbele yake afanye vivyo hivyo. Mkutano mzima ukaangua kicheko, na mtu mmoja nyuma akauliza ni nani kati yao wawili ndiye serikali. Kisha Twaiba akaipitisha kamba moja mikononi mwa mmoja na mwa mwenzake, na kicheko kikafifia polepole, kikawa ukimya wa watu wanaofanya hesabu. Akasema daftari halikudanganya kwa makusudi. Lilikuwa limepima watu badala ya maji. Akaomba radhi kwamba yeye mwenyewe alilichora hivyo hivyo mwanzoni bila ya kuuliza.

Ndipo akafungua kitambaa.

Mwanzo watu walitafuta majina yao, kama mtu anavyotafuta uso wake kwenye picha ya harusi. Wakataniana. Watu wa bondeni waliambiwa wameshiba, watu wa mlimani wakaambiwa wamekonda. Vichwa vya majina vilipanda na kushuka kama ardhi yenyewe inavyopanda na kushuka, na kila mtu aliweza kuonyesha kwa kidole kilima chake na bonde lake. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakaacha kutazama juu, wakatazama chini.

Juu majina yalikuwa vurugu. Chini miguu ya herufi zote, ya SKULI iliyoshuka kutoka mlimani na ya BONDENI iliyochuchumaa, ya MSIKITINI na ya KWA MBEYU, ilikanyaga mstari mmoja. Hakuna mkono uliouchora mstari huo. Kitambaa kilikuwa cheupe pale, bila ya rangi wala penseli, lakini ulikuwepo, laini kama ukingo wa sahani, ukiinama kidogo kidogo kuelekea upande wa bahari. Jina moja tu, KWA TSOFA, lilizidi upana wa kidole. Jina la Mbeyu halikuchomoza tena. Liliingia kati ya wenzake kama jino.

Upepo ulikijaza kitambaa kidogo, majina yote yakainuka na kushuka kwa pamoja.

Chirau ndiye aliyesogea wa kwanza. Alikuwa amechimba visima saba kati ya vile kumi na kimoja, kila kimoja kwa hofu yake, kila kimoja akisali usiku wa kwanza kwamba chini kuna kitu. Akapitisha kiganja hewani kufuata miguu ya herufi, bila ya kugusa.

"Miaka arubaini nimegonga milango," akasema. "Kumbe nyumba ni moja."

Lewis alikuwa amekaa kwenye majani na faili yake magotini. Vimo vya ardhi vilikuwa vyake, na mwaka mzima wa daftari ulikuwa wake. Alipozungumza alizungumza kama mtu aliye peke yake. Alisema kwao Samburu maji ni kitu unachokiona kikipungua juu ya ardhi, mbele ya ng'ombe wako. Hakuwahi kudhani kwamba chini ya miguu ya watu maji yanaweza kulala hivi, kitandani pamoja, kutoka mlima hadi pwani. "Mwaka mzima nimeyabeba kwenye kompyuta," akasema. "Leo ndiyo nayaona."

Swali la Mbeyu ndilo lililowarudisha. Alitaka kujua, kwa heshima ya kikao, kama kisima chake bado kinakufa.

Abdulrahim akamtazama Lewis, Lewis akaifungua faili, akaitoa ile fomu. Akasema hakuna kisima kilichoshuka, na kwamba hata kama kingeshuka kimoja, sasa hajui angefukiaje mlango mmoja wa nyumba ambayo wote wamo ndani yake. Akapiga mstari juu ya uamuzi, akaandika chini yake kwamba Kwa Mbeyu kitabaki wazi, na kwamba kuanzia mwaka huu visima vyote vitapimwa kwa kamba ya Chirau. Wanakamati wakatia sahihi. Mbeyu akatia dole gumba lake, akalifuta wino kwenye majani.

Watu hawakuondoka. Bila ya kuambiwa na mtu, kila mmoja alikwenda kusimama mbele ya jina la kisima anachochota, hata wakawa wamejipanga kitambaa kizima, wa mlimani upande mmoja na wa baharini upande wa pili, wakinong'ona kama walioingia msikitini wamechelewa. Twaiba alijiondoa pembeni, nyuma ya mlingoti, na kutoka pale aliwaona kwa migongo yao, na chini ya kitambaa akaona nyayo zao, zote juu ya ardhi moja.

Mbeyu alikuwa mbele ya jina lake. Aliweka kiganja juu kabisa, pale herufi zinapoanza, akakishusha polepole kama anayeachia kamba, mpaka kikafika mwisho wa rangi nyeusi. Hapo akasimama, ameinamisha kichwa, sikio karibu na kitambaa.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo ndoo inapolia."